Kukariri

Kiswahili chetu kina neno moja lenye adhabu mbili. Kukariri ni kumeza maneno na kuyatoa kama yalivyo, bila kujua yanasema nini. Kukariri tena ni kubaki darasa lile lile wakati wenzako wanapanda. Hakuna mtoto wa shule ya msingi anayependa kuambiwa lolote kati ya hayo. Mdogo wangu aliambiwa yote mawili ndani ya mwezi mmoja, na mara zote mbili mkono wangu ulikuwepo.

Sisi wa elimu tunauzungumzia mtaala kama kitu kinachokaa wizarani au kwenye kabati la mkuu wa shule. Leo naomba niwasimulie mtaala uliokaa kwenye mkeka wa Bibi, Kilosa.

Machi 2023 Dogo alikuwa na miaka 9, darasa la tatu, Mikumi. Kwetu Mikumi barabara kuu ndiyo kila kitu. Ndiyo inayokwenda Iringa, Mbeya mpaka Zambia. Malori yanalala pale, Mama anawauzia madereva chakula, na watoto wanaivuka asubuhi na mchana kwenda shule na kurudi. Siku hiyo bodaboda iliyokuwa inalipita lori ilimkuta katikati ya barabara. Paja likavunjika. Mimi nilikuwa bweni, kidato cha sita, nasubiri mtihani wa Mei, na Mama alinificha mpaka nimeweka kalamu chini. Niliporudi nyumbani nilikuta mtoto ameshalazwa mara ya pili kwa sababu usaha ulikuwa umeingia mpaka kwenye mfupa. Daktari alisema mguu utapona, ila si kwa haraka.

Mama asingeweza kuuguza na kupika kwa wakati mmoja. Kibanda kikifungwa siku mbili, wateja wanahamia kwa jirani, na hela ya dawa ilikuwa inatoka kwenye kibanda hicho hicho. Ikaamuliwa Dogo akakae kwa Bibi, Kilosa mjini, ambako kwenda kusafisha kidonda hospitali ni karibu. Mimi nikatumwa kama msaidizi. Tulipita njia ya Ulaya, ile ya vumbi. Kwa msiojua, Ulaya ni kijiji cha Wilaya ya Kilosa, na kila mtoto wa Mikumi ameshawatania wageni kwamba yeye amefika Ulaya bila pasipoti. Dogo alikuwa amelazwa kiti cha nyuma, mguu juu ya mito, akasema, "Dada, nikirudi shule nitawaambia nilipelekwa kutibiwa Ulaya." Nilicheka, halafu nikageukia dirishani ili asinione.

Chuo kilikuwa hakijafunguliwa na sikuwa na kazi. Nikaenda shuleni kwake, mwalimu wake wa darasa akaniazima vitabu vya darasa la tatu na kunionyesha walipofikia. Nyumbani kwa Bibi niligeuza mlango wa stoo kuwa ubao: nikausaga ule weusi wa ndani ya betri kuukuu, nikaupaka, ukakauka. Nikaandika ratiba kwa kalamu ya risasi na kuibandika ukutani kwa ugali. Kuanzia saa mbili mpaka saa sita: Kiswahili, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, English. Mwanafunzi wangu alikaa kitandani, mguu umenyooshwa, ubao ukiwa umeegemezwa kwenye kiti.

Kusema kweli nilikuwa najisikia raha sana. Nilikuwa sijui neno "andalio la somo", lakini kila usiku niliandika kesho nitafundisha nini. Nilikuwa naweka tiki kwenye yaliyomo ya kila kitabu. Mpaka Novemba tiki zilikuwa zimefika chini. Nikampigia Mama simu nikamwambia, "Januari mpeleke darasa la nne na wenzake. Mtoto yuko vizuri." Mama akasema, "Asante mwanangu, Mungu akubariki." Wiki iliyofuata nikaja hapa chuoni kuanza mwaka wa kwanza wa shahada ya ualimu, na rohoni nilijiona nimewatangulia nyote. Wenzangu walikuwa wanatafuta vyumba, mimi tayari nina mwanafunzi aliyemaliza muhtasari.

Krismasi nilirudi Kilosa. Nikamkuta Bibi ana maneno yake.

Bibi hakuwahi kukaa darasani utotoni. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Bibi anasema yeye aliingia kisomo miaka michache baadaye, jioni baada ya shamba, mtoto akiwa mgongoni. Anasoma polepole, kidole kikifuata kila neno, na hapendi kusaidiwa. Jioni ile aliniita uani, akanipa kitabu cha Kiswahili cha Dogo.

"Fungua hapo."

Nikafungua. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa uji.

"Zimegandana tangu ulipoondoka," Bibi akasema. "Na mume wangu huyu kila siku anazisoma. Anafunua zote mbili kwa pamoja, halafu anasoma za ndani bila kuziona. Anasoma vizuri kabisa, na mkato anapumzika. Mimi nilifundishwa kusoma kilichoandikwa. Ninyi wasomi mnasoma na kisichoonekana?"

Kwa Bibi kila mjukuu wa kiume ni mume wake, huo ndio utani wetu. Lakini siku hiyo hakuwa anatania. Akamwita Dogo, ambaye sasa alikuwa anatembea na magongo mawili. Mbele yetu kulikuwa na beseni la maembe ambayo Bibi alikuwa anayapanga mafungu ya kuuza.

"Nina maembe 56. Nayapanga matano matano. Nitapata mafungu mangapi, na yatabaki mangapi?"

Dogo alinitazama mimi. Kisha akaanza kuimba taratibu: gawanya, zidisha, toa, shusha. Ilikuwa sauti yangu kabisa, mpaka ule mkazo ninaouweka kwenye "shusha". Alipomaliza kuimba hakuwa na jibu. Akasema, "Bibi, Dada hajanifundisha maembe."

Sitasahau sentensi hiyo. Tangu hapo nimefundishwa na wahadhiri wengi, nimesoma kuhusu tathmini na malengo ya kujifunza, lakini sijapewa ripoti fupi na sahihi kuliko ile. Nilikuwa nimemfundisha mtoto mmoja, peke yake, miezi minne, bila darasa la watoto mia, bila kengele, na bado nilikuwa nimemkaririsha. Nilikuwa nimefundisha kitabu mpaka kikaisha, mtoto akabaki nyuma nisimwone.

Sasa, wiki hiyo hiyo familia nzima ilikuwa inakutana kuamua mambo ya Januari. Daktari alikuwa amesema mguu hautaruhusu safari ya shule kabla ya katikati ya mwaka, kwa hiyo kusoma nyumbani kungeendelea. Swali lilikuwa asome nini. Mama alikuja kutoka Mikumi. Mjomba, anayeendesha lori la Lusaka, akapitia. Mwalimu mstaafu wa jirani akaalikwa, na mimi nikakaa kwenye kiti cha mtaalamu kwa sababu nilikuwa na wiki saba za chuo kikuu.

Mjomba alitaka tuachane na vitabu vya hapa kabisa. Kule Lusaka anaijua familia moja inayowasomesha watoto nyumbani kwa vijitabu vya kutoka nje: mtoto anajifunza mwenyewe, anajaza, anajisahihisha, anafungua kijitabu kinachofuata. Vyote kwa Kiingereza. Angeweza kuvileta safari ijayo. Akasema, "Mtoto akishapona anaingia inglishi midiamu moja kwa moja, habari ya kukosa mwaka inaisha." Hakuwa anaongea upuuzi. Ila Dogo alikuwa anasoma Kiingereza cha mwaka mmoja tu, na mtu ambaye angekaa naye kila siku ni Bibi. Kijitabu cha kujisomea mwenyewe kwa lugha usiyoijua ndiyo shule ya kukariri kuliko zote. Na mimi ndiyo nilikuwa nimetoka kujua kukariri kunafananaje.

Mwalimu mstaafu akataja MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, ulioanza kwa majaribio mwaka 1999. Yeye mwenyewe akaufuta: ule umewekwa kwa watoto waliopitwa na umri wa kuanza au walioacha shule, na Dogo hakuwa ameacha. Jina lake lilikuwa bado kwenye rejista kule Mikumi. Pia alitukumbusha jambo ambalo wengi hatulifikirii: Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aandikishwe shule na ahudhurie mpaka amalize elimu ya msingi. Nyumbani kwetu haikuwa shule, akasema. Ilikuwa daraja la kumvusha mgonjwa, na daraja linajengwa kwa kuangalia ng'ambo ya pili kuna nini.

Na ng'ambo ya pili palikuwa pamebadilika. Hapa ndipo mtakumbuka, maana mwaka ule kila lekcha ya elimu ilikuwa inataja Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Mtaala mpya ulikuwa unaanza Januari 2024, lakini si kwa madarasa yote. Ulianza na elimu ya awali, darasa la kwanza, darasa la tatu na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali. Darasa la nne lilikuwa linaendelea na mtaala wa zamani mpaka wamalize.

Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye mpaka wenyewe. Akiendelea darasa la nne, anabaki kwenye mtaala wa zamani na wenzake. Akirudia darasa la tatu, anahamia mtaala mpya.

Mama hakutaka kusikia neno kurudia. "Mguu umechukua mwaka wake, na akili nayo ichukuliwe?" Dogo mwenyewe alikuwa nje ya dirisha anasikiliza, tuliona ncha ya gongo. Mimi nikaomba siku mbili nilinganishe mihtasari.

Nilitumia salio la boom kununua bando, nikapakua vitabu vipya kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, nikakaa usiku na kaunta buku, nikachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto mtaala wa zamani, kulia mpya. Maarifa ya Jamii haikuwepo tena upande wa kulia. Palikuwa na Jiografia na Mazingira, na Historia ya Tanzania na Maadili. Sayansi na Teknolojia imebaki Sayansi. Kulikuwa na Sanaa na Michezo, somo ambalo mtoto mwenye magongo angeliangalia kwa jicho baya. Kiingereza upande mpya kinaanza darasa la kwanza, kwa hiyo hata wadogo zake wangekuja wamemkaribia. Kwenye Hisabati nilichora mstari, nikakuta pande zote mbili zinafanana sana. Mtaala unabadilika jina la somo na mpangilio wa mada, lakini kugawanya ni kugawanya.

Halafu nikahesabu miaka, na hapo ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Mtaala mpya unaifanya elimu ya msingi kuwa miaka 6 badala ya 7. Anayeanza darasa la tatu 2024 anamaliza darasa la sita 2027. Anayeanza darasa la nne 2024 kwa mtaala wa zamani anamaliza darasa la saba, nayo ni 2027. Makundi mawili, mwaka mmoja wa kumaliza. Kenya walishapita mlango wa namna hiyo, darasa la nane la mfumo wa zamani na gredi ya sita ya mfumo mpya wakipishana, mpaka KCPE ya mwisho ikafanyika 2023. Kwetu maana yake ilikuwa hii: Dogo akikariri darasa la tatu, hapotezi mwaka. Angekutana na marafiki zake kidato cha kwanza kule mbele, kama watu walioshuka mabasi mawili kwenye stendi moja.

Asubuhi niliieleza familia. Nilichora makundi yote mawili kwenye mlango wa stoo, mistari miwili ikikutana 2027. Mama aliangalia kwa muda mrefu, akafuata kila mstari kwa kidole. "Kwa hiyo si kwamba amerudishwa. Amehamishwa njia." Nikasema, "Ndiyo Mama. Ni kwa sababu ya mtaala." Mjomba akanipigia makofi, akasema kumbe chuo kinafundisha. Bibi hakusema chochote. Aliendelea kupanga maembe.

Ni hapa ninapotaka mnisome polepole. Nililowaambia lilikuwa kweli, kila tarakimu yake. Lakini halikuwa ndilo lililonifanya niamue. Dogo alihitaji kurudia darasa la tatu kwa sababu alikuwa hajui kugawanya na alikuwa anasoma kurasa zilizogandana, na hakujua kwa sababu mimi nilikimbilia tiki. Hata kama mtaala usingebadilika alitakiwa kurudia. Mtaala mpya ulikuja siku hiyo hiyo niliyohitaji kisingizio, ukiwa na muhuri wa serikali, nami nikajificha nyuma yake. Novemba nilisema mtoto yuko vizuri. Desemba sikusema nilikosea. Nilisema serikali imebadilisha.

Tulianza upya. Nilikuwa na siku nane kabla ya kurudi chuoni, na ubao ukakaa siku zote nane bila kuandikwa. Tulipukuchua mahindi. Punje 20, sahani 4. Punje 23, sahani 4, halafu tunabishana zile tatu zilizobaki tuzifanyeje. Siku ya kwanza alitaka kuimba, nikamwambia ukiimba tunaanza upya. Siku ya tatu alilia, akasukuma sahani. "Haya ni ya chekechea! Nimekaririshwa darasa na sasa nimerudishwa chekechea!" Nikamwambia ni mtaala mpya, unaanza hivi. Nikadanganya tena. Nilikuwa nimeshaona jinsi ilivyo rahisi.

Niliporudi huku, mwalimu mstaafu alikubali kuja mara tatu kwa wiki, malipo yake yakiwa mboga za Bibi na heshima. Simu yake ndiyo ilikuwa darasa letu la mbali: mimi narekodi swali kwa sauti nikiwa kwenye vimbweta, natuma WhatsApp, Dogo anajibu kwa sauti, na nyuma yake nasikia kuku na treni. Masharti yetu yalikuwa mawili tu. Asitoe jibu bila kueleza alivyolipata. Na asiposoma neno, aseme hajalisoma. Mvua za El Nino za msimu ule zilipokuwa zinakata mtandao nilikuwa napata majibu matano kwa mpigo usiku wa manane. Mwezi wa Machi likaja moja ambalo bado ninalo. "Dada, shikamoo. Bibi ameuza maembe leo. Yalikuwa 47. Sita sita. Mafungu saba, yamebaki matano. Bibi kasema yaliyobaki ni ya mwalimu, lakini mwalimu mwenyewe hayupo, nimekula mimi."

Julai 2024 alirudi Mikumi, darasa la tatu, muhula wa pili, na gongo moja. Mtoto mmoja alimwita mkariri siku ya kwanza. Alimjibu kwamba yeye yuko mtaala mpya na atamkuta kidato cha kwanza. Mama alinisimulia kwa furaha, mimi nikanyamaza kwenye simu. Mwaka jana alifanya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne na amefaulu. Mwaka huu yuko darasa la tano. Mguu mmoja umebaki mfupi kidogo, anatembea kama mtu anayeshuka ngazi. Mpira anacheza golini.

Mwaka jana pia nilikwenda mazoezi ya kufundisha. Nilishuka Kilosa kwa SGR, nikiwa na mkoba, viatu vya mchuchumio na folda ya maandalio ya somo. Darasani walikuwa wengi kuliko madawati. Wiki ya pili nilijikuta naulizia darasa zima, "Tumeelewana?" nao wanajibu "Ndiyooo" kwa sauti moja nzuri, na nikasikia mkazo wangu mwenyewe ndani ya ile "ndiyo". Nikasimama. Nikamwita mmoja, nikampa mfano ambao haumo kitabuni. Hakuweza. Nikamwita wa pili. Siku hiyo sikumaliza mada, na kwenye azimio la kazi sikuweka tiki. Aliyekuja kunikagua aliniuliza kwa nini niko nyuma ya ratiba. Nikamwambia niko walipo wanafunzi. Alama alizonipa ni siri yangu na yeye.

Kilichonifanya niandike haya ni likizo ya Desemba iliyopita. Nilikuwa kibandani Mikumi namsaidia Mama kuosha vyombo, Dogo anapokea hela za madereva. Palipotulia akaja akakaa karibu yangu.

"Dada, kama ningekuwa najua kugawanya, ningekaririshwa?"

Ana miaka 11. Wakubwa wenzangu wote waliangalia ile mistari miwili mlangoni wakaridhika, yeye alikwenda nayo miaka miwili ndipo akauliza swali lililokuwa katikati yake. Ningeweza kumjibu kwa mtaala. Majibu ninayo, tena sasa nina na masomo ya miaka mitatu ya kuyapamba.

Nikamwambia, "Hapana. Usingekaririshwa. Ulikuwa hujui, na ulikuwa hujui kwa sababu mimi nilikufundisha haraka haraka nikitaka kumaliza kitabu. Kosa lilikuwa langu. Nikasema ni mtaala."

Alichukua sahani akaifuta, akaiweka, akachukua nyingine. "Mama anajua?"

"Hapana."

"Mwambie."

Nilimwambia Mama usiku huo, malori yakiwa yameshajipanga na taa zimezimwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Mama alikuwa anahesabu mauzo, hata hakuinua kichwa.

"Mwanangu, siku zile za Krismasi nilimtuma dukani na elfu tano, sabuni ya elfu moja mia mbili. Akaja na chenji pungufu na hajui. Unafikiri mimi sijui mtoto wangu anajua nini? Nilikuwa nasubiri useme. Ulipoleta zile tarakimu zako nikaona, basi, huyu naye ana aibu yake, atasema siku akikua."

Akamaliza kuhesabu, akafunga hela kwenye kanga.

Mwaka huu tunamaliza, wengi wetu tutapewa darasa, na mtaala huu utakuwa mikononi mwetu. Utasifiwa na utalaumiwa, na mara nyingine utastahili vyote viwili. Nimeona watu wanaulaumu kwa makosa yao, na wa kwanza ni mimi. Nikiajiriwa, Mungu akijalia, nitakuwa na vitabu vyenye kurasa nyingi kuliko vile vya Bibi, na mkaguzi atakayetaka kuona tiki.

Kitabu chenye kurasa zilizogandana kiko hapa chumbani kwangu. Dogo alinipa nilipokuwa narudi chuo. Nilimwambia tungekilowesha kidogo zingeachana. Akasema ziache hivyo hivyo, yeye hizo anazijua kwa kichwa.